Treni ya Kusini: mwendo unapotelea wapi?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, stendi kuu ya Mtwara. Konda anapanga mabegi tumboni mwa basi, juu ya magunia mawili ya korosho ambayo mwenyewe anaapa hayana uzito wowote. Mama anayeuza chai na chapati maharage pembeni ya geti akaniuliza huku akinijazia kikombe: "Mwanangu, hii treni ya mchongoko ya Dodoma, ikija huku kwetu itatufikisha Dar saa ngapi?" Nilikuwa na chapati mdomoni, na dereva alishapiga honi ya pili. Nikamjibu, "Mapema sana, mama," nikakimbia.

Kilometa 560 hivi ni njia ndefu ya kumfikiria mtu uliyemdanganya. Na nilikuwa nimemdanganya mara mbili. Kwanza, reli inayozungumzwa kwa ajili ya Kusini haiendi Dar, inatoka Mtwara kwenda Ziwa Nyasa. Pili, hata kama ingekwenda, jibu la "saa ngapi" halipatikani kwa kuisoma ile namba 160, kilometa kwa saa, inayotajwa kila treni ya umeme inapozungumzwa. Namba hiyo inasema treni inaruhusiwa kukimbia kiasi gani pale inapoweza. Haisemi ni wapi haitaweza.

Basi lenyewe ndilo lililonifundisha. Kwa sheria ya nchi basi la abiria halipaswi kuzidi kilometa 80 kwa saa, na siku hizi kuna kifaa ndani yake kinachomshitaki dereva akizidisha. Gawanya 560 kwa 80, unapata saa saba. Sisi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa tisa kasorobo alasiri ndiyo kwanza tulikuwa tunaingia Mbagala, ukingoni mwa Dar. Hizo saa za ziada zilikwenda wapi? Ziligawanywa kidogo kidogo: kibao cha hamsini kila penye kijiji, matuta, mizani, trafiki wawili watatu, dakika kumi na tano za kuchimba dawa zilizogeuka thelathini kwa sababu kuna abiria alifuata ming'oko ng'ambo ya barabara. Kisha Mbagala yenyewe, ambako tulitambaa saa nzima kwa umbali ambao mtu mwenye miguu mizuri angeutembea.

Sasa chukua njia ileile, mruhusu dereva aende 100 kwenye zile sehemu zilizonyooka, tuseme jumla kilometa 400. Ameokoa saa moja, kwa bei ya ajali ambazo sote tunazijua. Saa moja hiyohiyo ilikuwa imelala Mbagala.

Reli ni vilevile, ila hesabu yake ni kali zaidi. Kilometa 100 kwa mwendo wa 160 ni dakika 37 na nusu. Pandisha mwendo hadi 200, kazi ya mabilioni, utatumia dakika 30. Umepata dakika saba na nusu. Sasa tafuta mahali kwenye njia hiyohiyo penye kilometa 10 mbovu, tuta limelegea au daraja limechoka, treni inapita kwa 30. Hizo 10 peke yake zinakula dakika 20. Zitengeneze zipitike kwa 120, zinakula dakika tano. Umepata dakika 15, mara mbili ya faida ya kwanza, na hukuhitaji treni mpya wala rangi mpya. Ndiyo maana mhandisi wa reli akitaka kufupisha safari hutafuta kwanza sehemu za pole pole, kabla hajafikiria kuongeza kasi ya zile za haraka.

Moroko ni mfano mzuri kwetu Waafrika. Treni yao ya Al Boraq, iliyoanza mwaka 2018, inakimbia kilometa 320 kwa saa, ya kwanza ya aina hiyo barani. Lakini inafanya hivyo kati ya Tangier na Kenitra tu, ambako walijenga njia mpya. Kutoka Kenitra hadi Casablanca inapita kwenye reli ya zamani iliyoboreshwa, kwa mwendo wa kawaida. Safari nzima ikatoka saa nne na dakika 45 ikawa saa mbili na dakika kumi. Njia mpya ilipelekwa palipokuwa na hasara kubwa ya muda, penginepo pakakarabatiwa.

Geji sio kasi

Vijiweni utasikia kwamba reli ya kisasa inakwenda kasi kwa kuwa ni pana. Ile ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ina 1,067. SGR, ile mpya ya umeme ya Dar hadi Dodoma, ina 1,435. Basi watu wanahitimisha: nyembamba pole pole, pana mbio.

Upana huo, ndio unaoitwa geji, unasaidia, hasa utulivu na mzigo, ila sio siri ya mwendo. Afrika Kusini mwaka 1978 walifanya majaribio kwenye geji ya 1,067, sawa kabisa na TAZARA, wakafikisha kilometa 245 kwa saa. Japani wana njia za geji hiyo ambazo treni za abiria hukimbia 130 kila siku ya Mungu. Upande wa pili, jirani zetu Wakenya walifungua SGR ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, upana uleule wa 1,435 tulio nao sisi, na treni yake ya abiria, inayovutwa kwa dizeli, ilipangiwa 120. Geji moja, mwendo tofauti. Kwa hiyo mwanasiasa akisimama jukwaani akakuahidi geji, bado hajakuahidi mwendo.

Kinachoamua mwendo ni vitu visivyo na mvuto wa picha: kona, mlima, breki na maji.

Kona kwanza, kwa sababu humo ndimo fedha nyingi zinamozikwa. Umekaa ndani ya basi na kikombe cha chai, basi likapinda ghafla, chai inamwagikia upande wa nje. Nguvu hiyo inayoisukuma chai ndiyo inayolisukuma behewa litoke relini, na haiongezeki sambamba na mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, inaongezeka mara nne. Hivyo kona inayopitika vizuri kwa mwendo fulani, ukitaka kuipita kwa mwendo mara mbili, lazima uifungue mara nne.

Kwa hesabu za kawaida za reli, kona yenye nusukipenyo cha mita 300, ambayo wajenzi wa enzi za majembe waliipenda kwa kuwa inazunguka kilima bila kukikata, inakubana kwenye kilometa 65 au 70 kwa saa. Ukitaka 160 unahitaji nusukipenyo cha mita 1,700 hivi. Ukiota 320, zidisha tena mara nne, upite mita 6,000. Kona ya namna hiyo ukisimama juu yake huioni, unadhani njia imenyooka. Na haizunguki kitu. Kilima kikiwa mbele unakikata, bonde unalijaza au unalipandishia daraja, shamba la mikorosho la mtu unalipa fidia. Reli ya zamani ilijipinda kufuata nchi. Hii ya mwendo inaitaka nchi ndiyo ijipinde.

Kuna ujanja wa kupunguza machungu: chuma cha upande wa nje wa kona huinuliwa kidogo kuliko cha ndani, njia ikalala kama mwendesha bodaboda anavyolala kwenye kona. Milimita 100, wakati mwingine hadi 150. Hapo treni ya abiria inapita kwa kasi na chai haimwagiki. Tatizo linakuja pale treni ya pili ikipita palepale ikiwa imebeba makaa ya mawe, inajikokota. Kwake ule mlalo ni mkubwa mno. Uzito wote unalalia chuma cha ndani na kukisaga. Ukishusha mlalo kwa ajili ya makaa, umeupunguza mwendo wa abiria. Ukiupandisha kwa ajili ya abiria, unabadilisha vyuma kila mara.

Kwa nini nakawia hapa? Kwa sababu reli yetu, ikijengwa, itakuwa ya makaa na abiria pamoja. Nitarudi huko.

Mlima nao. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, na huo ndio utamu wa reli: nguvu kidogo inavuta mzigo mkubwa. Lakini kinachoteleza kwenye tambarare kinateleza pia kwenye mwinuko, ndiyo maana vichwa vya treni hubeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu. Treni ya mizigo haitaki kupanda zaidi ya mita 15 au 20 kwa kila kilometa. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Wamatengo kule Mbinga zinapita 1,500. Kuteremka mita 1,000 kwa mteremko wa mita 15 kwa kilometa kunahitaji kilometa 67 za njia, hata kama kwa jicho ziwa linaonekana pale chini. Njia itabidi izunguke ili iteremke taratibu, na kuzunguka ni kona, na kona umeshasikia habari zake.

Mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, hapa una faida yake. Treni ya kawaida ina kichwa kimoja kinachovuta wote, wakati mchongoko una mota zilizogawanywa chini ya mabehewa, kila kundi linasukuma sehemu yake. Unaondoka kituoni upesi na kupanda vizuri. Kwa njia yenye vituo vingi, kuondoka upesi kuna thamani kuliko kukimbia sana. Kusimama dakika mbili stesheni hakukugharimu dakika mbili tu. Hesabu na muda wa kupunguza mwendo na wa kuuchukua tena, inakuwa nne, tano. Vituo kumi, umepoteza karibu saa. Kila mbunge atataka treni isimame jimboni kwake, na kila akifanikiwa, wapiga kura wake wanafika wanakokwenda wakiwa wamechelewa zaidi.

Kusimama ni kazi kuliko kwenda

Kilometa 160 kwa saa ni mita 44 kila sekunde. Uwanja wa Nangwanda Sijaona, goli hadi goli, unamalizwa kwa sekunde mbili na nusu hivi. Na treni hiyo dereva akishika breki zote, inahitaji zaidi ya kilometa moja kusimama. Maana yake ni kwamba akiona kitu mbele kwa macho yake, ng'ombe, lori, mtoto, ameshachelewa.

Kwa hiyo reli ya mwendo haiwezi kutegemea macho. Zamani mkuu wa stesheni alimkabidhi dereva kibali cha kuingia kipande cha njia, hati au kijiti cha chuma, na asiyekuwa nacho haingii. Usalama mzuri, ila ni wa pole pole, maana kila mahali lazima mtu amkabidhi mtu. Baadaye zikaja taa za pembeni mwa njia. Ukipita kiasi cha 160, hata taa zinampita dereva kabla hajazisoma vizuri, hivyo nchi nyingi zikahamishia ishara ndani ya kibanda chake. SGR yetu inatumia mfumo huo wa Ulaya, ngazi ya pili: vifaa vidogo vilivyolazwa katikati ya reli vinaiambia treni iko wapi, redio inaleta ruhusa ya kwenda hadi wapi na kwa mwendo gani, skrini inamwonyesha dereva, na akizembea treni inajifunga breki yenyewe. Huo mfumo hauonekani kwenye picha za uzinduzi. Bila huo, ile 160 inabaki kwenye karatasi.

Kitu cha pili ni kuitenga njia na watu. Wajapani walipofungua Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka tarehe 1 Oktoba 1964, treni ikikimbia 210, njia nzima haikuwa na hata sehemu moja ambapo barabara inakatiza reli usawa mmoja. Ama inapita juu, ama chini. SGR ya kwetu nayo ina uzio, na wanaokatiza hupita darajani au chini ya tuta. Uzio ukija Kusini, jiandaeni kwa malalamiko ya haki kabisa: mtu mwenye nyumba huku na shamba kule, kisima ng'ambo, shule ng'ambo, anazungushwa kilometa mbili kufika mahali alipokuwa anavuka kwa hatua ishirini. Idadi ya vivuko vya chini inaamuliwa wakati wa kuchora ramani. Baada ya hapo utaambiwa hakuna bajeti.

Habari ya njia moja nitaipitia haraka. Reli zetu nyingi ni njia moja, treni mbili zikikutana, moja inaingia pembeni na kusubiri. Moja ikichelewa dakika 20, inamchelewesha mwenzake naye, ambaye atamchelewesha wa tatu. Aliyewahi kusubiri zamu kwenye daraja la gari moja ameelewa.

Umeme ndio unaochekesha. SGR inavutwa kwa volti 25,000 zinazopita kwenye waya juu. Wasafiri wa miezi ya mwanzo ya huduma, mwaka 2024, watakumbuka taarifa iliyowataja bundi na ngedere katika hitilafu ya umeme, na watu walivyocheka mtandaoni siku nzima. Mimi pia nilicheka, ila jambo lenyewe ni la kweli kote duniani: mnyama akigusa waya na nguzo kwa pamoja, umeme unapita mwilini mwake kwenda ardhini, mtambo unajizima kujilinda. Dawa yake ni vifuniko na kukata matawi, kazi ya kuchosha isiyozinduliwa na mtu yeyote.

Kwetu swali la umeme lina uchungu wake. Gesi ya Mnazi Bay inatoka Mtwara, inasafishwa Madimba, inasafiri kwenye bomba la zaidi ya kilometa 500 lililokamilika mwaka 2015, inafika Dar na kuwa umeme wa gridi. Treni ya Dodoma inavutwa na gridi hiyo. Mtwara yenyewe kwa miaka mingi iliishi nje ya gridi, ikijitegemea kwa mitambo yake midogo ya gesi, na kukatika kwa umeme tunakujua kuliko tunavyojua majina ya viongozi wa mtaa. Treni ya umeme inahitaji umeme mwingi wa uhakika kila kilometa kadhaa hadi Ziwa Nyasa. Kwa hiyo mradi wa reli ya Kusini, ukitaka uwe wa umeme, ni mradi wa nyaya na vituo vya kupoozea umeme kabla haujawa wa mabehewa.

Halafu maji. Mapema Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga. Mikoa miwili ikabaki kisiwa, malori yamepanga mstari, nyanya zinaoza. Reli ina adui huyohuyo. Mvua ikila kokoto chini ya mataruma, hata kama chuma hakijakatika, njia imelegea milimita kadhaa, na kwa treni ya mbio milimita kadhaa ni nyingi. Inabidi ipite pole pole hadi mafundi waje washindilie. Udongo mweusi wa mbuga ndio mbaya kupita wote, unavimba masika na kupasuka kiangazi, tuta linapanda na kushuka kama linapumua. Mtu akiniuliza ni kifaa gani kinachoongeza mwendo wa treni Kusini, nitasema karavati. Karavati pana, lililo mahali pake, na mtu wa kulizibua kila Novemba.

Reli tuliyokuwa nayo

Shuleni kwetu kengele ilikuwa kipande cha chuma cha reli, kimening'inizwa kwenye mkorosho. Kiranja alikipiga kwa nondo na sauti ilifika mto ulipo. Babu alikuwa akisema hicho ndicho kilichobaki cha treni, nasi tulidhani anatania, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona treni.

Hakuwa anatania. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walitaka mafuta ya kula baada ya vita. Ili kutoa karanga za Nachingwea wakajenga reli, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, kisha kutoka bandari mpya ya kina kirefu ya Mtwara, na baadaye tawi likaenda Masasi. Mradi ukatelekezwa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea, reli ikabaki bila karanga. Ilijikongoja miaka kadhaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma kung'olewa.

Reli ile haikufa kwa sababu ilikuwa pole pole. Ilikufa njaa. Abiria peke yao mara chache hulipia tuta, madaraja na matengenezo. Mzigo ndio unaolipa, abiria wanapanda juu ya mgongo wa mzigo.

Na hapo ndipo mpango wa sasa unapoeleweka. Reli ya Kusini inayotajwa kila bajeti inatoka bandari ya Mtwara, inapita mkoa wa Ruvuma hadi Mbamba Bay ziwani, na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Jumla ni kilometa 1,000 hivi. Tayari malori ya makaa kutoka Ruvuma yanateremka hadi Mtwara, na kila mwenye nyumba kando ya barabara ya Masasi anajua vumbi lake na anajua yanachofanya kwa lami. Mzigo upo safari hii, na kwa sababu hiyo mimi naupa mpango huu matumaini kuliko ule wa karanga.

Ila abiria asijidanganye. Njia ikichorwa kwa ajili ya makaa, mhandisi ataridhika na kona za mwendo wa makaa na mlalo wa makaa. Treni za mzigo zitakuwa nyingi, za abiria chache, na kwenye njia moja anayesubiri pembeni ni yule asiyelipa zaidi. SGR ya kati iliamuliwa tangu kwenye karatasi kwamba itabeba vyote viwili: abiria 160, mizigo 120, na uzito wa hadi tani 35 kwa ekseli. Kona zikafunguliwa kwa kipimo cha abiria, na hilo lilikuwa na gharama. Uamuzi wa namna hiyo haurekebishiki baadaye kwa kununua treni yenye pua ndefu zaidi. Treni unaweza kubadilisha baada ya miaka 20, lakini kona uliyoimwagia zege utazikwa nayo.

Nikarudi stendi

Wiki mbili baadaye nilirudi Mtwara nikaenda kumlipa mama deni langu. Nikamwambia, mama, ile treni haiendi Dar. Ikija, itakwenda Masasi, Tunduru, Songea, mpaka ziwani.

Akaniangalia kama nimemwibia. "Songea mimi nina nani?"

Nikamuuliza maharage yake anayatoa wapi. Akanyamaza kidogo, akakoroga sufuria. "Songea," akasema, kisha akaanza kunieleza gunia limepanda kiasi gani na nauli ya lori imekula kiasi gani, tukazungumza hayo kwa dakika kumi na treni tukaisahau.

Baadaye akarudi kwenye nauli. Nikamwambia mwaka 2024 Dar hadi Morogoro ilianza kwa shilingi 13,000 na Dar hadi Dodoma 31,000, kwa treni ya kawaida. Akapiga hesabu kimya kimya. Akauliza inapita mara ngapi kwa siku, na hilo ni swali ambalo sijasikia likiulizwa kwenye semina yoyote. Treni ya 160 inayopita mara moja kwa siku, ukiikosa mwendo wako ni sifuri hadi kesho. Basi linalotambaa lakini linaondoka kila saa linaweza kukufikisha kabla yake.

Nikamweleza na habari ya stesheni. Njia iliyonyooka haipendi kuingia katikati ya mji, kuna nyumba za kuvunja na kona za kubana, kwa hiyo stesheni hukimbilia pembezoni. Mombasa iko Miritini, Nairobi iko Syokimau, na abiria anashuka kwenye treni ya kisasa kuanza kugombea usafiri wa kufika mjini. Chukua stesheni iliyo kilometa 20 nje ya mji, bajaji ikienda 30 kwa saa. Hizo ni dakika 40, muda ambao treni ya 160 ingekuwa imemaliza kilometa 100. Mtu wa Lindi mjini ndiye anayepaswa kulitazama hili kwa macho mawili, maana mji wake umekaa pembeni kwenye ghuba, na njia ya kutoka Mtwara kwenda Masasi haina sababu ya kumfuata.

Mama alikuwa amesimamisha mwiko hewani. Hilo la stesheni ndilo lililomwingia kuliko kona zangu zote na volti zangu zote.

"Sasa mwanangu," akasema, "ukisikia itakaa wapi, niambie mimi kabla ya wengine. Nikashike sehemu ya meza."